Magunia Mia na Sitini ya Bibi Blandina

Ukishaipita stendi ya Same, tafuta kibanda chenye cherehani mbili, moja yangu na moja mbovu, na mbele yake benchi la mbao lenye miguu mitatu na tofali. Hicho ndicho kijiwe chetu. Mimi ni Fundi Aminieli. Nashona sare za shule huku nasikiliza uongo, na kwa kazi hiyo ya pili sijawahi kulipwa. Kahawa anauza Abdulmalik, mtu wa Tanga aliyekuja Same kukaa wiki moja, miaka kumi na minne iliyopita. Birika lake analitia tangawizi ya Mamba, ya mlimani kwetu, na kikombe kimoja tu kinazibua masikio. Asubuhi ile ya Alhamisi, saa tatu, sote tulikuwa tunaangalia lori lililoegeshwa mbele ya ghala, ng'ambo ya barabara. Lilikuwa na magunia mia na sitini ya tangawizi, na lilipaswa kuwa limeondoka jana kwenda bandari ya Tanga. Habari ilishazagaa mji mzima kwamba simu imeikataa tangawizi ya Mamba.

Aliyeileta habari ni Loth, dereva wa bodaboda. Tunamwita Bando kwa sababu simu yake ndiyo kubwa kuliko zote kijiweni na haijawahi kuwa na bando.

BANDO: Mimi ndiye niliyemshusha dada Honorata kutoka mlimani jana. Njia nzima hakusema neno. Oya, mtu wa Mamba akae kimya kuanzia kwao mpaka Kisiwani huku chini? Nikajua hapa kuna msiba.

ABDULMALIK: Honorata yupi?

BANDO: Katibu wa kikundi cha tangawizi. Yule aliyewaambia kaya arobaini na moja wamkatalie dalali, wamsubiri mnunuzi wa kwenye simu. Mjerumani.

Hapo naomba niingilie, maana Bando husimulia kama anavyoendesha, kona zote anazikata. Kila msimu dalali alikuwa anapanda Mamba na lori lake na magunia yake ya lumbesa, yale yanayojazwa mpaka yanaota kichwa juu, halafu analipa kama gunia la kawaida. Mwaka huu Honorata alisimama nje ya kanisa baada ya ibada, akasema: tunauza wenyewe. Wazee walinung'unika, lakini walimfuata. Sasa tangawizi ikirudi mlimani, itarudi mikononi mwa dalali yuleyule, naye ataitajia bei ya kumcheka mtu. Na Honorata hatasikilizwa tena na yeyote, hata akisema mvua inanyesha.

Wa kwanza kutoa elimu alikuwa Mzee Melkizedeki, tunayemwita Forodha. Aliwahi kuwa karani bandarini kwa miezi mitatu, mwaka ambao yeye mwenyewe huubadilisha kila akisimulia.

FORODHA: Tatizo ni karatasi. Mzigo wa kwenda nje unataka karatasi saba. Hawa wamepeleka simu. Ndiyo maana wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

ABDULMALIK: Mzee, hiyo methali inaingiaje hapo?

FORODHA: Mgeni ni simu. Mwenyeji ni karatasi. Wewe umeona karatasi imepona?

Abdulmalik akammiminia tu. Mtu wa Tanga anajua lini aache.

SETILAITI: Mzee, karatasi zilikwisha zamani. Siku hizi ni setilaiti.

Huyu ni Dickson, fundi simu, kibanda chake kimegusana na changu. Zamani alikuwa anafunga madishi, na tangu hapo anaamini kila jambo linatoka juu.

SETILAITI: Mjerumani akitaka kununua tangawizi yako, kwanza analiangalia shamba lako kutoka angani. Ukiwa Lembeni, poa. Tambarare, jua, anaona mpaka kuku. Sasa Mamba! Anaangalia Jumatatu, ukungu. Jumanne, ukungu. Jumatano anasema, hawa hawana shamba, hawa wanauza mawingu.

BANDO: Duh! Wanauza mawingu!

SETILAITI: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

ABDULMALIK: Mkuu gani?

SETILAITI: Setilaiti. Kuna aliye juu kuliko yeye?

FORODHA: Yupo Mungu.

SETILAITI: Mungu haombi picha za shamba, mzee wangu.

BANDO: Nyie wote mmepotea. Kosa la tangawizi yetu ni ukali. Mashine za kule zimezoea tangawizi za upole, ukitafuna ni kama viazi. Wameipima ya kwetu, mshale ukazunguka mara tatu ukagonga ukuta. Mashine ikaandika, hiki siyo chakula, hii ni silaha!

ABDULMALIK: Lakini si hiyo hapo kwenye lori? Wameipimaje?

BANDO: Kwa picha.

ABDULMALIK: Ukali unaonekana kwenye picha?

BANDO: Wa Mamba unaonekana.

Hapo hata mimi nikatikisa kichwa kukubali, Mungu anisamehe. Sifa za kwetu huwa sizipingi, ziwe za kweli au za Bando.

FORODHA: Lakini tuseme ukweli, hizi simu zimetutoa mbali. Zamani bei ya tangawizi tulikuwa tunaisikia mdomoni mwa dalali. Ni sawa na kumuuliza chui bei ya mbuzi.

BANDO: Mama yangu pale Mamba, mzee, dalali akitaja bei, yeye anafungua pindo la kanga. Dalali anadhani anatoa ugoro. Kumbe anatoa simu! Anamsomea bei ya Dar, anamsomea ya Mombasa. Dalali mwenyewe anavua kofia.

SETILAITI: Huko ndiko nchi inakokua! Shamba la mlimani linaongea na duka la Hamburg bila kupitia kwa mtu. Mwakani mtaona Same ina uwanja wake wa ndege. Wa tangawizi tupu. Abiria watapakiwa nafasi ikibaki.

FORODHA: Na Wajerumani watajifunza Chasu, lugha yetu.

BANDO: Ya nini?

FORODHA: Ya kuombea wapunguziwe.

ABDULMALIK: Wapunguziwe na Wapare? Mpare akidhulumiwa kuku anauza ng'ombe aende mahakamani.

FORODHA: Na anashinda!

ABDULMALIK: Na ng'ombe?

FORODHA: Ng'ombe siyo hoja. Hoja ni kuku.

Tulicheka mpaka tofali la benchi likateleza. Tulikuwa bado tunalirudisha mahali pake alipovuka barabara mwanamke wa miaka thelathini na kitu, raba zake zina udongo mwekundu wa mlimani, mkononi ana simu na kwapani ana daftari kubwa la jalada gumu lililofungwa kwenye kitenge. Bando akasimama kumpisha. Bando huwa hampishi mtu.

HONORATA: Shikamooni.

FORODHA: Marahaba, mwanangu. Karibu kahawa.

HONORATA: Asante baba, sikuja kunywa. Namtafuta fundi simu. Chaji inakwisha, na saa nne napigiwa kutoka Dar, kwenye ofisi ya mnunuzi. Nisipopokea basi.

Setilaiti akaichukua simu kwa mikono miwili, akaichomeka kwenye pawabenki yake.

FORODHA: Hebu tukate ubishi, mwanangu. Kilichowakwamisha ni karatasi?

SETILAITI: Au ukungu?

BANDO: Ni ukali. Sema tu dada, usione aibu.

HONORATA: Ni Bibi Blandina.

Tukatazamana. Bibi Blandina sisi wote wa Mamba tunamjua. Ana miaka sabini na minane na robo eka ya tangawizi, chini kidogo ya ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia waliloliacha mababu. Ni mtu ambaye akikukuta njiani anakupa ndizi hata kama umebeba ndizi.

FORODHA: Bibi Blandina kafanya nini?

HONORATA: Hajafanya kitu. Ni sisi. Mfumo wa mnunuzi, ule wa kwenye simu, unataka kila gunia liandikwe jina la mkulima wake na ukubwa wa shamba. Jina moja. Sasa baba, sisi tumevuna kwa msaragambo.

ABDULMALIK: Nisaidieni mimi mtu wa pwani.

FORODHA: Kazi ya pamoja, Abdulmalik. Baragumu linapigwa mlimani, kila nyumba inatoa mtu. Leo mnachimba kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka mmalize wote.

HONORATA: Ndivyo tulivyofanya. Mashamba mawili kwa siku, siku ishirini na moja. Kila gunia limechimbwa na watu arobaini. Shamba ni la mmoja, jasho ni la wote. Niandike jina la nani? Nikimwandika Rogathe, Eliakunda atauliza kwa nini siyo yeye. Tukakaa kikao. Wakasema, katibu, penye wengi anatajwa mkubwa. Andika Bibi Blandina.

BANDO: Magunia yote?

HONORATA: Yote mia na sitini.

SETILAITI: Aisee.

HONORATA: Mfumo ukapiga hesabu. Robo eka, tani kumi na moja za tangawizi. Ukaweka alama nyekundu. Unasema Bibi Blandina ama ameiba mlima mzima, ama hayupo duniani.

Bando akaanza kucheka, akafuata Setilaiti, na mwisho mzee mwenyewe akawa anajifuta macho kwa kofia. Bibi Blandina jambazi wa kimataifa! Honorata hakucheka. Nilipomwona hivyo kicheko changu kikanikauka. Nilijua kosa lile ni la kwetu kabisa. Kwingine mtu angeandika jina lake mwenyewe magunia yote asilale na aibu. Kwetu mtu anaona haya kuandikwa peke yake kwenye jasho la wengi, anaona bora amtangulize bibi.

FORODHA: Hilo dogo, mwanangu. Gawa majina. Gunia nne huyu, nne yule, kwa kukadiria.

BANDO: Eeh, andika tu yeyote. Nani atajua kule Ujerumani?

HONORATA: Nitajua mimi.

BANDO: Dada, haba na haba hujaza kibaba.

HONORATA: Uongo nao hujaza kibaba, kaka Loth. Mwakani wakigundua, hakuna mtu wa mlima huu atakayeuza tena kwa simu. Mimi nimewazuia wale akina mama wasimuuzie dalali. Nilisimama mbele yao. Kama nitarudi na mzigo, nitarudi nao. Lakini sirudi na uongo.

Akainama, akajifanya anakaza kitenge cha daftari. Ndipo simu ikalia.

Setilaiti akaiweka sauti ya nje bila kuulizwa. Honorata akaketi kwenye benchi letu, kati ya Forodha na Bando.

SIMU: Dada Honorata? Irene hapa, Dar. Pole na usumbufu. Nimeipata taarifa yako kuhusu Bibi, na mimi nakuamini. Ila mnunuzi haniulizi mimi kama nakuamini. Anataka uthibitisho. Je, unaweza kujua gunia lipi limetoka shamba lipi?

HONORATA: Naweza.

IRENE: Kwa uhakika?

HONORATA: Mtu aende kwenye lori, achague gunia lolote.

Bando alishavuka barabara kabla hajamaliza. Akadandia lori, akapiga kelele mpaka abiria wa basi la Arusha wakachungulia madirishani.

BANDO: Hili hapa! Nitajuaje ni la nani? Halina jina!

HONORATA: Limefungwa na nini mdomoni?

BANDO: Kitambaa! Kipande cha kanga! Bluu, kina korosho za njano!

Nami kumbe vile vipande vya kanga nilikuwa naviona tangu jana, nikadhani ni mapambo. Fundi mzima wa nguo! Honorata alilifungua daftari, akalamba kidole, akafunua kurasa mbili.

HONORATA: Bluu ya korosho ni kanga ya Rogathe. Jumanne, tarehe kumi na nne, shamba la juu ya mfereji, eka moja kasoro. Yalitoka magunia manne. Kila mwenye shamba anafungia magunia ya shamba lake kwa kipande cha kanga yake, kusudi wasije wakagombana siku ya malipo. Walioitika thelathini na tisa. Wasioitika wawili. Mmoja mtoto wake alikuwa anaumwa. Mwingine hakutoa sababu.

IRENE: Samahani, dada. Mmeandika mpaka ambao hawakuja?

HONORATA: Hao ndio tunaoanza nao.

FORODHA: Sisi ni Wapare, mwanangu. Kila kitu tunakiandika tukitegemea kesi.

IRENE: Naomba moja lingine.

BANDO: Nyekundu! Ina maandishi! "Hasidi hana"... imekatwa hapo!

HONORATA: Hiyo ni ya Eliakunda. Ijumaa, tarehe kumi na saba, magunia matano. Kanga yenyewe aliinunua kwa ajili ya wifi yake.

Irene alicheka, na kicheko chake kilikuwa cha mtu aliyetua mzigo. Akasema apigiwe picha kurasa zote ishirini na moja, azitume kwa mnunuzi sasa hivi, kule Ujerumani ndiyo kwanza ofisi zinafunguliwa. Honorata akaangalia simu yake. Intaneti ilikuwa imekata. Tukamgeukia Bando, aliyekuwa ameshavuka kurudi, kwa mazoea tu, naye akatuonyesha viganja vitupu. Setilaiti akatazama juu angani. Aliyetuokoa ni Abdulmalik, muuza kahawa ambaye simu yake imefungwa kwa mpira wa manati. Akasema yeye hununua bando la mwezi, maana huongea na mama yake kila siku kwa picha, akatuwashia hotspoti. Ukurasa mmoja mmoja ukapigwa picha juu ya meza yangu ya kukatia, mimi nimeshika pembe ya daftari na Forodha pembe nyingine. Niliziona kurasa zile. Mistari imepigwa kwa rula, kila siku na mashamba yake, kila jina na mbele yake neno moja tu, "kaitika" au "hakuitika". Wale mama wamechimba mchana kutwa, na jioni bado wameketi kuandika. Nilijisikia fahari.

Tukasubiri. Hakuna aliyetoa nadharia. Abdulmalik alipita na birika mara mbili na vikombe vikabaki vimejaa. Ilikuwa karibu saa tano simu ilipolia tena.

IRENE: Dada Honorata, imekuwa kijani.

HONORATA: Sema tena.

IRENE: Kijani. Mzigo umekubaliwa, kwa sharti moja. Kila gunia livae lebo yenye namba na jina la shamba lake, na kila lebo ipigwe picha iingie kwenye mfumo, kabla lori halijaondoka. Meli ya Tanga haisubiri, kwa hiyo saa sita mchana mwisho. Na mnunuzi ana swali. Hiyo kazi yenu inaitwaje? Wanasema wana wakulima wa nchi nyingine, huko milimani kwao, ambao nao mfumo unawakataa kwa sababu wanavuna pamoja. Wanataka kuongeza nafasi kwenye fomu.

HONORATA: Msaragambo.

IRENE: Nitamkie polepole niandike.

Honorata akamtamkia silabi moja moja. Simu ilipokatika alijifunika uso kwa kitenge, mabega yakamtikisika, na sisi tukageukia pembeni kumpa nafasi. Lakini wanaume wa kijiweni hawawezi kukaa kimya kwenye furaha ya mtu.

FORODHA: Mmesikia? Wazungu wametengeneza fomu, Mamba imewafundisha fomu!

SETILAITI: Neno letu linapanda setilaiti leo! Peru huko mtu atabonyeza msaragambo!

BANDO: Nilisema mimi! Tangawizi yetu siyo ya mchezo!

FORODHA: Msaragambo wetu!

SETILAITI: Daftari letu!

Mimi nami, nisijifiche, nilisimama nikapiga cherehani kofi nikasema, "Sisi watu wa Mamba tuna mambo yetu!" Ndipo Honorata alipofunua uso. Alitutazama mmoja mmoja, bila hasira. Alikuwa anahesabu watu tu, mbele yake ana magunia mia na sitini na saa moja.

HONORATA: Samahani baba zangu, kaka zangu. Nauliza tu. Mwaka huu, nani kati yenu aliitika baragumu?

Forodha akaangalia kofia yake. Ana shamba Mamba, analipalilia mwanawe. Setilaiti akaanza kuikunja waya ya chaji ambayo ilikuwa imeshakunjwa. Bando, ambaye hupanda Mamba mara tatu kwa wiki na kupita kando ya watu wakichimba, akawa anaminyaminya honi ya bodaboda yake. Mimi je? Tangu nimzike mama yangu sijapanda mlima siku ya kazi, napanda Krismasi, nakula makande, nashuka. Abdulmalik peke yake ndiye aliyetutazama usoni, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne aliacha kumimina.

Honorata hakungoja jibu. Alilifunga daftari, akauliza ni wapi anaweza kununua kitambaa.

Sijui nani alisogea kwanza. Najua nilivuta lile robota la kitambaa cheupe la shati za sekondari, oda ya watu, nikaanza kulikata vipande vya kiganja. Forodha akaomba kalamu ya wino mzito. Ule ukarani wake wa miezi mitatu tulikuwa tunaucheka miaka yote, lakini mzee yule ana mwandiko, jamani. Aliandika ROGATHE, MFEREJINI, 73 kama anaandika hati ya serikali, na hakukosea hata moja. Bando akapanda lorini kutaja rangi za kanga. Honorata akawa anasoma daftari. Setilaiti akapiga picha kila lebo na kuiingiza kwenye mfumo, na hakutazama juu hata mara moja. Mimi nikachukua sindano kubwa ya magunia, nikashona mpaka vidole vikatoka damu.

Magunia ya Bibi Blandina niliyashona mwenyewe. Yalikuwa mawili, yamefungwa kwa kanga nyeusi iliyochakaa, na uzi niliutia mara mbili.

ABDULMALIK: Na mimi? Mimi siyo Mpare.

HONORATA: Una mikono?

Akaliacha birika kwenye mkaa akaja kutushikia midomo ya magunia. Kahawa ilichemka ikakauka, harufu ya tangawizi iliyoungua ikajaa mtaa mzima. Wateja wake wakaja, wakakuta benchi tupu, wakaketi wenyewe kutushangaa.

Saa sita kasoro dakika nane lori liliwashwa. Lilipoingia barabara kuu kuelekea Hedaru, lebo zile nyeupe zilikuwa zinapepea, na watu wa stendi wakapiga makofi bila kujua wanapigia nini. Sisi tulisimama na jasho letu. Hakuna aliyesema "yetu".

Honorata alirudi kwenye benchi, akafungua ukurasa mpya, akapiga mstari kwa rula. Juu akaandika tarehe, chini yake akaandika: Kufunga lebo, Same mjini. Halafu akainua kichwa, akaita kama wanavyoita mlimani kazi ikiisha, jina moja moja, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya bonde.

—Melkizedeki!

—Nipo.

—Dickson!

—Nipo.

—Loth!

—Nipo, dada.

—Abdulmalik!

Mtu wa Tanga akajifuta mikono kwenye msuli kwanza.

—Nipo.

—Aminieli!

Miaka sita ilikuwa imepita tangu jina langu liitwe kwa sauti ile, na mara ya mwisho aliyeitikia kwa niaba yangu alikuwa mama. Nikasimama vizuri, nikavua tepu shingoni.

—Nipo, nikasema. Nipo.